Kupe kaning'ata huku Pennsylvania, kipimo cha Lyme negativu ila doa linazidi kukua

Mkata_Majani

Wakuu habari za muda huu. Naombeni mawazo maana nimegugo mpaka macho yanauma na kila ninachofungua kinanitisha kuliko cha mwanzo.

Mimi kwetu Mvumi, Dodoma, nipo huku Pennsylvania mwaka wa tatu. Jumamosi ya wiki mbili zilizopita jamaa yangu mmoja mwenye nyumba pembeni ya msitu akaniita tukafyeke uani kwake na kuzoa majani makavu, joto lilikuwa kali nikavaa bukta na ndala kama niko kwetu. Jumatatu usiku naoga nikahisi kitu nyuma ya goti, nikajua kipele, waifu akamulika na tochi ya simu akasema hiki kipele kina miguu. Yaani kadogo kama mbegu ya mchicha, sitanii. Akakang'oa na kucha, akakatupa chooni, tukalala.

Siku ya tisa hivi ikaanza homa, kichwa, shingo inakaza, mwili wote kama nimeshinda nabeba zege, na pale nyuma ya goti pakawa na doa. Haliwashi, haliumi, lina kajoto tu. Siku ya kumi nikaenda kliniki moja ya haraka haraka hapa mjini, waliposikia natoka Tanzania basi habari yote ikawa malaria, wakapima hakuna. Nikawaambia jamani kuna kupe, wakachukua damu kupima Lyme, ule ugonjwa wa bakteria wanaoletwa na kupe, kesho yake majibu negativu. Doa lenyewe nikaambiwa labda nimejigonga au buibui kapita, maana doa la Lyme linakuwa duara jekundu kama shabaha ya kulengea mshale. Sasa wakuu mimi ni mweusi tii, huo wekundu wangeuonea wapi? Kwangu linaonekana kama pamevilia damu, zambarau ya giza hivi, na tangu juzi limetanuka linakaribia upana wa kiganja.

Leo siku ya 14. Nimempigia mama kasema hiyo ni homa ya papasi, nikamwambia mama huku nyumba za mbao na mazulia papasi atatokea wapi, akakasirika akakata simu. Maswali yangu, negativu si ndo sina? Nisubiri doa liishe lenyewe? Na nina mtoto wa miaka miwili analala na sisi, siwezi kumwambukiza?

Bwashee_wa_Kona

Pole mkuu. Kosa mlilofanya ni kumvuta. Kupe hang'olewi, anachomwa na njiti ya kiberiti anajiachia mwenyewe, au mpake mafuta ya taa. Sisi kwa mbwa wetu ndo zetu hizo na hakuna aliyekufa. Wewe kunywa limao na kitunguu swaumu, vipimo vya watu achana navyo.

Njeri_wa_Maabara

Pole sana kaka. Mimi ni Mkenya niko Massachusetts, nafanya kazi kwa maabara ya hospitali mwaka wa 12 sasa, na hizi Lyme kuanzia Mei mpaka Agosti tunazipima hadi tunaziota usiku. Wacha nikueleze hicho kipimo kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapotea, hata wengine wenye koti jeupe.

Hicho kipimo hakitafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili unatuma kupigana na bakteria. Ni kama mtu aende kituo cha polisi aulize kuna askari wametumwa kwa nyumba ya fulani, akiambiwa hakuna aseme basi hakuna wizi. Na mwizi ako jikoni saa hii anakula ugali wako, ni vile tu ripoti haijafika! Mwili unachukua wiki kadhaa kutengeneza askari wa kutosha waonekane kwa mashine, na wewe ulitolewa damu siku ya kumi. Siku ya kumi wagonjwa wengi kabisa wanatoka negativu. Karatasi yako haijasema huna, imesema bado.

Halafu ziko hatua mbili. Ya kwanza inaitwa Elisa, ikitoka negativu wanaishia hapo. Ikiwa pozitivu ama ya katikati ndio damu hiyo hiyo inapelekwa kwa westeni bloti, huo ni ukanda wenye mistari mistari na kila mstari ni askari wa protini moja ya bakteria. Upande wa IgM, hao ni askari wa kwanza kufika, tunaangalia mistari mitatu na lazima miwili iwe imetokea. Upande wa IgG, hao wanakuja baadaye, ni kumi na lazima mitano. Hesabu hiyo ndiyo inatumika hapa Marekani tangu 1995. Mwaka 2019 wakaruhusu pia maabara ifanye Elisa ya aina nyingine badala ya bloti, sisi tulihamia huko na sikulia hata kidogo, kusoma ile mistari ilikuwa kama kusoma mkono wa mtu.

Kuna mstari mmoja unaoitwa 41 unawachanganya watu sana. Ni wa protini ya mkia ambao bakteria anaogelea nao, na bakteria wengi wasio na hatia wana mikia inafanana, kwa hivyo mtu mzima asiye na ugonjwa wowote anaweza kuwa nao. Watu wanapiga picha huo mstari peke yake wanapeleka Facebook ati nimepatikana na Lyme. Pia IgM peke yake baada ya mwezi mmoja wa kuugua haihesabiki tena, inadanganya. Na Elisa ikiwa pozitivu inaweza kuwa kaswende, inaweza kuwa lupus, ule ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe, na hiyo papasi ya mama yako pia inaweza kuichanganya, kwa hivyo ukienda kwa daktari usimfiche kwamba umekulia Dodoma.

Utauliza mbona wasitafute bakteria mwenyewe. Kwa damu wako wachache mno na hawakai, wao wanapenda ngozi, viungo, mishipa ya fahamu. PCR, kile kipimo cha kutafuta vinasaba vya bakteria, inasaidia ukitoa maji ya goti lililovimba, kwa damu ya kawaida inakosa wagonjwa wengi.

Sasa sikia vizuri. Doa linalotanuka, limepita sentimita 5, kwa mtu aliyeng'atwa na kupe Pennsylvania, hilo doa ndilo kipimo. Daktari hahitaji kungoja damu, anatakiwa aandike dawa siku hiyo hiyo. Linatokea kwa kama watu 70 hadi 80 kwa mia, kati ya siku ya 3 na ya 30, na hiyo shabaha ya mshale wengi hawana, linakuwa limejaa rangi moja tu. Kwa ngozi yetu linakuja hivyo hivyo ulivyoeleza, kama kuvilia damu, kahawia ama zambarau, na kwa sababu vitabu vilijazwa picha za ngozi nyeupe watu weusi wanakujaga kwetu doa limeshaisha zamani na goti limevimba kama tikiti. Rudi leo, na usirudi mikono mitupu. Chora mpaka wa doa na biki, weka sarafu kando, piga picha kwa mwanga wa dirisha, kesho rudia tena. Akiona limevuka mstari wa biki hatakuambia umejigonga.

Mtoto huwezi kumwambukiza, hii haitoki mtu kwa mtu. Lakini mkague nyuma ya masikio na kwenye nywele kama na yeye alikuwa kwa hiyo nyasi.

Ukiona uso umeanguka upande mmoja, ama moyo unadunda polepole na kizunguzungu mpaka unataka kuzimia, hapo usingoje asubuhi, enda emajensi.

Na usijione mjinga kwa kung'ang'ana nao. Huu ugonjwa hata jina ulipata kwa sababu ya akina mama wasumbufu. Mwaka 1975 kule Connecticut, mji unaitwa Lyme na vijiji vya karibu, watoto walikuwa wanavimba magoti hovyo na wazazi wanaambiwa ni kawaida. Mama mmoja anaitwa Polly Murray akawa anaandika kila kitu kwa daftari, nani anaumwa, lini, anakaa barabara gani, akapeleka kwa wakubwa wa afya. Ndio daktari Allen Steere wa Yale akaja kuhesabu, akakuta kweli watoto ni wengi kupita kiasi na nyumba zao zimekaa karibu na msitu.

Daktari_wa_Ng'ombe

Bwashee acha hizo za kiberiti tafadhali, utampa mtu balaa. Kupe ukimchoma au ukimpaka mafuta anaweza kutapika kilichopo tumboni, na anatapikia wapi? Ndani ya jeraha. Chukua kibano kile cha kung'olea nyusi, mshike chini kabisa usawa wa ngozi, vuta juu taratibu bila kuzungusha. Mdomo ukibaki siyo mwisho wa dunia, ngozi itautoa yenyewe. Na usimtupe chooni, mbandike kwenye selotepu uandike tarehe, huyo ni ushahidi.

Mimi ni afisa mifugo huku Manyara, Lyme sijawahi kuiona kwa macho ila kupe nawajua kuliko ninavyojua ukoo wangu, na nilipokuwa chuo hii habari ilinivutia kwa sababu inafanana mno na ndigana kali ya ng'ombe wetu. Kupe wenu huko anaitwa Ixodes scapularis, upande wa California kuna binamu yake Ixodes pacificus. Anaishi kama miaka miwili na anakula mara tatu tu maisha yake yote, hapo ndipo siri ilipo. Anaangua akiwa lava, yaani kitoto cha kupe, msafi, hana bakteria. Anapanda kwa panya mmoja wa huko mwenye miguu myeupe, na huyo panya ndiye ghala, ana bakteria tele na haumwi chochote. Lava akishiba anaanguka, anakuwa nimfu, yaani kupe mchanga wa hatua ya pili, mwaka unaofuata miezi ya Mei mpaka Julai nimfu anatafuta mlo wa pili, na ndiye huyo wa mbegu ya mchicha aliyekupata wewe. Mlo wa tatu ni kupe mkubwa, anapenda kulungu. Wazungu wanamwita kupe wa kulungu wakati kulungu hampi bakteria hata mmoja, kazi yake ni kulisha majike watage. Ukiua kulungu wote panya bado wapo, ndo maana ni shughuli.

Ndigana kali nayo ni hivyo hivyo, kupe anaokota kimelea hatua moja, anakishusha hatua inayofuata, na hakishushi dakika ile anapong'ata, kinahitaji siku kadhaa za kunyonya ndipo kikomae kwenye mate. Ndo sababu tunaogesha kwenye josho kwa ratiba, siyo kwamba tunapenda kusumbua wafugaji. Bakteria wa Lyme wako tumboni kwa kupe wamelala, wamevaa koti moja la protini, damu ya moto ikiingia wanaamka wanavua lile koti wanavaa lingine ndipo wanahamia kwenye mate. Safari hiyo kwa kawaida inapita saa 24, mara nyingi 36 na kuendelea. Kupe uliyemwona anatembea kwenye suruali au uliyemtoa jioni ile ile hatari yake ndogo sana. Wewe wa Jumamosi mpaka Jumatatu usiku, mkuu, hapo alikuwa na muda wa kutosha wa kubadilisha koti na kupiga pasi.

Mngewahi ndani ya saa 72 tangu kumtoa, huko wana dozi moja tu ya doksisaiklini miligramu 200 ya kuzuia. Hiyo treni imeshaondoka, sasa ni matibabu kamili.

Sauti_ya_Mkweli

Mnampotosha kijana. Huu ugonjwa umetengenezwa maabara na Wamarekani wenyewe kwenye kisiwa chao kule New York, ukatoroka miaka ya 70. Mbona zamani haukuwepo?

Daktari_wa_Ng'ombe

Ulikuwepo ila haukuwa na jina. Daktari Arvid Afzelius wa Sweden alilieleza lile doa mwaka 1909, na akalihusisha na kupe. Na huko huko Marekani walichukua kupe wa miaka ya 1940 wa Long Island waliohifadhiwa makumbusho, na panya wa mwaka 1894 wa Massachusetts waliokaushwa, wakapima wakakuta vinasaba vya bakteria huyu. Mwaka 1894 hata hiyo maabara unayoisema hakuna aliyekuwa anaiota. Kilichobadilika ni misitu, mashamba ya zamani yaliachwa yakaota miti, kulungu wakarudi kwa wingi, watu nao wakaenda kujenga humo humo.

Tabibu_Mstaafu

Mwanangu Mkata_Majani, mpigie mama yako umpe shikamoo kwanza, halafu umwombe radhi. Hakukosea sana kama unavyodhani.

Nimefanya kazi ya uafisa tabibu mkoa wa Dodoma miaka mingi, na papasi ndiye aliyenifundisha kazi. Kwa vijana msiomjua, papasi ni kupe laini, hana lile gamba gumu la kupe wa ng'ombe, anakaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kuta za tembe, mchana humwoni. Usiku anatoka, anamnyonya mtu aliyelala chini muda usiofika hata saa moja, anarudi shimoni kwake na wewe hujui lolote. Huyo hahitaji siku mbili kama wa huko Marekani, yeye bakteria wake wako tayari tayari, wanaingia na mate na pia na maji anayotoa karibu na miguu yake akiwa anashiba. Na jike anawarithisha mayai, kwa hiyo nyumba ikishapata papasi wenye ugonjwa imepata kwa muda mrefu. Daktari Dutton alipoutafiti ugonjwa huu Kongo aliupata mwenyewe, akafia Kasongo mwaka 1905, na bakteria akapewa jina lake, Borrelia duttonii. Mwaka huo huo Robert Koch naye alikuwa huku kwetu enzi za Mjerumani, akawaona bakteria hao mpaka ndani ya mayai ya papasi.

Borrelia, umeisikia hiyo? Sasa bakteria wa Lyme anaitwa Borrelia burgdorferi. Ni ukoo mmoja, wote wamejikunja kama skurubu, na kaswende nayo ni jamaa yao wa mbali. Huyo Willy Burgdorfer ni Mswisi, alisomea Basel kwa Profesa Rudolf Geigy, na utafiti wake wa udaktari ulikuwa juu ya nini? Juu ya papasi wetu na Borrelia duttonii anavyokua ndani yake. Huyo Geigy ndiye aliyeanzisha ile maabara ya Ifakara ambayo leo imekuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Burgdorfer baadaye akahamia Montana, Marekani. Mwaka 1981 akaletewa kupe kutoka Shelter Island huko New York, alikuwa anatafuta ugonjwa mwingine kabisa wa kupe, hakuupata, ila kwenye utumbo wa baadhi yao akaona viskurubu vinajinyonga polepole. Mtu mwingine angeweza kupita. Yeye alikuwa ameshapasua papasi wengi mno ujanani, akajua anachokiona. Mwaka 1982 wakatangaza. Kwa hiyo mama yako Mvumi na yule mtaalamu wa Montana walianzia darasa moja, tofauti ni kwamba mmoja alilipwa.

Tofauti kubwa ya kitabibu ni hii. Homa ya papasi inapanda kweli kweli, siku kadhaa, inakata, unasema nimepona, baada ya wiki hivi inarudi. Bakteria amebadilisha koti, askari wa yule dada wa Kenya wanamtafuta mwenye koti la kwanza. Haina lile doa linalotanuka. Na wakati wa homa bakteria wamejaa damuni, kwa hiyo siye hatukuhitaji Elisa wala bloti, ilikuwa tone la damu, rangi ya Giemsa, hadubini, unawaona hao wamejilaza katikati ya chembe nyekundu kama vipande vya uzi. Ugonjwa ule uliua vichanga vingi, mama mjamzito akiupata mimba iko hatarini.

Na hapa niseme la moyoni hata kama siyo swali. Zamani kila mwenye homa alipimwa BS, yaani tone la damu kwa hadubini, ukitafuta malaria unakutana na papasi bila kumtafuta. Sasa ni kile kijiti cha kupimia malaria, mRDT, kizuri, cha haraka, lakini kinajibu swali moja tu. Kikisema malaria hakuna, mtu anapewa panadol anarudi kulala kwenye sakafu ile ile. Siyo tofauti na kliniki yako ya Pennsylvania, waliuliza swali moja wakafunga daftari.

Jambo la mwisho, hili likumbuke. Ukianza dawa, siku ile ya kwanza unaweza kuzidiwa, homa ikapanda na kutetemeka. Bakteria wanakufa kwa pamoja na mwili unashtuka. Kwa papasi ilikuwa kali kiasi kwamba tulikuwa tunawaambia ndugu mapema wasije wakadhani sindano imemuua mtu wao. Kwa Lyme ni nyepesi zaidi na siyo kwa kila mtu, ila usije ukaacha dawa kwa woga.

Wa_Stuttgart

Huku Ujerumani wanaita boreliosi na kupe ni Ixodes ricinus, bakteria wao wakubwa ni Borrelia afzelii na garinii, huyo garinii anapenda mishipa ya fahamu. Nichomekee kitu kimoja kwa waliopo huku kusini, ile chanjo ya kupe mnayochomwa ni ya kirusi cha ubongo, FSME, haizuii boreliosi. Nimekutana na Wabongo watatu wanaotembea porini na bukta kwa sababu "nimechanja".

Bwashee_wa_Kona

Daah kiberiti nimestaafu leo rasmi. Ila swali, kuna dada namfahamu Maryland anaambiwa ana Lyme sugu, kanywa antibayotiki mwaka mzima na bado kachoka, hiyo imekaaje?

Njeri_wa_Maabara

Bwashee hapo umegusa moto. Kuna watu wanatibiwa vizuri kabisa na bado wanabaki na uchovu, maumivu, kichwa kizito kwa miezi, hiyo ni kweli na si uvivu. Lakini walipofanya majaribio ya kuwapa antibayotiki kwa miezi mingi wakilinganisha na waliopewa dawa tupu isiyo na kitu ndani, faida ya maana haikuonekana, na madhara yalionekana, mirija ya kupitishia dawa kwenye mishipa inaingia vijidudu, tumbo linaharibika. Shida nyingine ziko maabara za kulipia pesa taslimu zenye kanuni zao za kusoma mistari, huko karibu kila mtu anatoka pozitivu. Huyo dada aulize alipimwa wapi kwa mara ya kwanza na kwa hesabu gani, pengine ana ugonjwa mwingine kabisa unaomsubiri.

Na tafadhali msirudie kipimo kuona kama mtu amepona. Askari wakishatumwa wanakaa kituoni miaka. Unaweza kuwa umepona kitambo na karatasi bado inasema pozitivu. Na kinyume chake, ukitibiwa mapema doa likiwa bado changa, inawezekana usigeuke pozitivu maisha yako yote.

Mkata_Majani

Wakuu nimerudi na mrejesho. Nilifanya kama da Njeri alivyosema, nikachora na biki, picha ya asubuhi na ya kesho yake, doa limevuka mstari pande zote. Nikaenda kwa daktari mwingine, mama mtu mzima hivi, nikamwonyesha picha kabla hata sijakaa. Akaniinamisha akaangalia na taa ya pembeni, akalipapasa kingo, akauliza maswali matatu tu, ulikuwa wapi, lini, kupe alikaa muda gani. Akasema hii ni Lyme, na akasema damu hachukui kwa sababu majibu yoyote yatakayotoka hayatabadilisha anachoandika. Doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 10. Na moyo akausikiliza na kunipiga ule mchoro wa umeme, uko sawa.

Usiku wa kwanza Tabibu shikamoo! Nilitetemeka meno yanagongana, waifu anataka kupiga 911, nikamwonyesha ulivyoandika hapa ndo akatulia. Kufika asubuhi jasho limeloanisha shuka na homa imeshuka. Leo ni siku ya nane, doa limepauka, shingo inageuka, uchovu bado upo kidogo. Kosa nililofanya nilimezea chai ya maziwa siku mbili za mwanzo kumbe maziwa yanaishika dawa isifyonzwe vizuri, mfamasia akanisema kama mtoto. Na jua la huku si kali kama la kwetu, lakini kwa hii dawa ngozi inaungua haraka, mikono imebabuka.

Mama nimempigia. Nikamweleza habari ya yule Mswisi na papasi, kimyaaa, halafu akauliza huyo mtu alilipwa kiasi gani.

Halafu jana yule jamaa wa nyumba ya msituni kakuta mwingine kwa mbwa wake, huyu mkubwa, ana doa jeupe mgongoni, kamweka kwenye selotepu. Naye ni wa Lyme?

Daktari_wa_Ng'ombe

Mwenye doa moja jeupe katikati ya mgongo ni jike la jamii nyingine, Amblyomma americanum, huyo hasambazi Lyme, ana magonjwa yake. Lakini usinishike kwa maneno, tuma picha ya mgongoni, karibu, na sarafu pembeni.